Faili Halionekani

Alirudi Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nikiwa nimeshika penseli kumi na mbili mkononi.

Naikumbuka idadi kwa sababu nilikuwa nazihesabu. Katika chumba cha kusomea cha Hifadhi ya Nyaraka za Mji haingii kalamu ya wino, hata uwe nani. Unaiacha mezani kwangu, unapewa penseli, na ukitoka unairudisha. Nilipofika ya kumi na mbili nikainua macho, na fundi saa alikuwa amesimama mbele yangu, mkono mmoja kifuani kama mtu aliyepanda ngazi kwa mbio.

"Habari za asubuhi," alinong'ona.

Miaka mitatu. Miaka mitatu nilikuwa nimeyapanga maneno ya siku hii, nikiyajaribu mbele ya makabati, nikiyanoa kila nikifuta vumbi. Sasa likatoka moja tu.

"Kalamu," nikasema.

"Nini?"

"Kalamu yako ya wino. Weka hapo. Chukua penseli."

Aliitoa mfukoni na kuiweka mezani taratibu. Ilikuwa ile ile ya bluu niliyompa mimi, kifuniko chake kimetafunwa. Alikuwa amekonda. Kuzunguka jicho lake la kulia ilikuwepo bado ile alama ya duara inayoachwa na lenzi ya kutazamia saa, alama ambayo zamani nilikuwa naipitisha kidole nikimwambia amepigwa muhuri, sasa ni mali yangu.

Nikaangalia pembeni.

"Sikujua uko hapa," alinong'ona.

"Ungejua usingekuja?"

"Ningekuja mapema."

"Shhh!" Hiyo ilitoka meza ya dirishani. Pale alikaa mzee mmoja tuliyemwita Refa. Kwa miezi minane alikuwa anapekua magazeti ya zamani kutafuta ushahidi kwamba bao alilolikataa miaka thelathini iliyopita lilikuwa la kuotea kweli. Alikuwa msomaji wangu mwaminifu kuliko wote, na ndiye niliyemwelewa kuliko wote.

Nikashusha sauti. "Unataka nini?"

"Faili la kiwanja. Namba mia moja kumi na saba. Nyumba ya shangazi. Wanapanua barabara. Wamepiga alama nyekundu ukutani, wanasema vyumba viwili vya mbele viko nje ya mpaka. Shangazi anasema haviko nje. Ramani ya kwanza iko humu tu, hakuna nakala mahali pengine. Tukiwapelekea kabla ya Ijumaa saa sita mchana wanafuta alama. Tusipopeleka, Jumatatu wanabomoa."

"Pole."

"Unasema pole kama unatema mate."

"Nimetema kidogo tu. Humu ndani maji hayaruhusiwi."

Nilimpa fomu ajaze. Wakati anaandika nilitazama vidole vyake virefu, vile vinavyoweza kuokota skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta, na moyo wangu mjinga ukataka kufanya jambo ambalo sikuwa nimeuruhusu. Nikaukumbusha siku ile.

Siku ile walikuja kwetu wanne: yeye, shangazi yake, na wajomba wawili. Mama alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani, maana tulijua wamekuja kupanga tarehe ya harusi. Baba alikaa kwenye kiti chake chenye mto wa kijani. Shangazi, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya kufikia dawati la nyuma, hakukaa. Alifungua mkoba, akatoa karatasi ya zamani, akasoma akiwa amesimama: "Mlinzi wa bohari la mji amekutwa amelala lindoni usiku wa tarehe tisa. Ameachishwa kazi kuanzia leo." Akaikunja karatasi. "Sisi ni watu wenye heshima zetu," alisema. "Baba yangu alikuwa karani wa mji huu. Hatuwezi kuchanganya damu na walala lindo."

Tarehe tisa ya mwaka ule nilikuwa na umri wa siku nne. Mama alikuwa bado amelazwa, hali yake mbaya, na baba alikuwa hajafumba jicho siku tatu. Baba angeweza kulisema hilo. Hakulisema. Alinitazama mimi, akatazama mikono yake.

Na fundi saa? Fundi saa alitazama viatu vyake. Alitazama viatu vyake mpaka wakaondoka wote, na yeye akaondoka navyo.

Tangu siku ile baba hakai sebuleni. Mgeni akipiga hodi, hata jirani wa kuazima chumvi, baba anachukua kigoda chake anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nikaombwa kwenda kufundisha, nikakataa. Niliomba kazi ya hifadhi kwa sababu moja tu. Karatasi ya baba ilitoka hapa. Nilijiambia kwamba familia inayojivunia heshima kiasi kile lazima ina karatasi yake nayo, imelala mahali, inanisubiri.

Mwezi wa pili niliipata. Faili la kiwanja mia moja kumi na saba, ukurasa wa sita. Nilisoma mstari wa kwanza, nikafunga faili. Kwa kisasi, mstari mmoja unatosha.

Mezani nina mihuri mitatu: LIPO, SUBIRI na HALIONEKANI. Niliichukua fomu yake, nikainua muhuri wa tatu, nikaugonga kwa nguvu mpaka Refa akageuka.

"Halionekani?" Fundi saa alitazama wino mwekundu. "Hata hujaenda kuangalia."

"Nalijua lilipo. Halionekani."

"Nipige basi. Nitukane, nitakaa hapa unitukane mpaka mfunge. Lakini usimlipize yule mama. Ana mtoto wa jicho, macho yanakwisha. Ile nyumba anaijua kwa kupapasa. Wakiivunja hatajua hata mlango uko wapi."

"Yule mama alikuwa na macho mazuri sana siku anasoma karatasi ya baba yangu."

Alinyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa.

"Kesho kutwa nitamleta mwenyewe," alisema mwishowe. "Labda mkionana..."

"Penseli," nikasema, nikinyoosha mkono.

Alipoirudisha, vidole vyetu viligusana. Nilivifuta kwenye sketi nikiwa na uhakika ameona.

*

Mchana huo nilishuka ghalani. Yeyote asiyefanya kazi yetu akitaka kuharibu faili atalichoma au atalichana. Sisi tunajua njia mbaya zaidi. Unalihamisha. Faili lililochomwa huacha hata majivu, lakini lililowekwa kwenye rafu isiyo yake, katika ghala lenye mafaili laki moja na ushee, limekufa na hakuna atakayejua kaburi lake. Nililitoa mia moja kumi na saba kutoka rafu ya viwanja, nikalipeleka mwisho kabisa wa ghala, rafu ya arobaini, nikalichomeka katikati ya leseni za mbwa. Mji huu uliwahi kutoza leseni za mbwa. Hakuna aliyewahi kuziomba, na hakuna atakayeziomba.

Mikono yangu ilifanya kazi kwa utulivu kabisa. Nilipanda juu nikijisikia mwepesi, kama mtu aliyemaliza kufua.

Jioni nilimkuta baba kwenye kigoda chake kando ya tangi, anajaza maji kwenye ndoo ambayo ilikuwa imejaa tayari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vumbi lenu halijambo?"

"Linawasalimu." Nilichuchumaa karibu naye. "Baba, kuna mgeni ndani?"

"Fundi bomba. Anaongea na mama yako." Aliangalia saa ya mkononi, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka. "Hii haijapoteza dakika hata moja, unajua? Tangu aliponitengenezea yule kijana. Yu mzima?"

Maji yalimwagika ukingoni mwa ndoo, na wote wawili tukajifanya hatuyaoni.

"Sijui, baba," nikasema. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yake yanalipwa, kwamba Jumatatu ataisikia habari na atarudi kukaa kwenye kiti chake. Lakini alikuwa anaitazama ile saa kwa upole, na sikuona mahali pa kuyaweka maneno yangu.

*

Alhamisi walikuja wawili. Shangazi alikuwa amemshika mkono mpwa wake, anapandisha ngazi mguu mmoja mmoja, mkoba ule ule begani. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa. Alisimama mbele yangu na hakunitambua.

"Binti," alisema, "naambiwa faili langu halionekani. Faili haliwezi kutoonekana. Haliendi sokoni."

"Yanapotea mengi, mama," nikasema.

Alishtuka. Macho yalikuwa yamekwisha lakini masikio yalikuwa mazima. "Ni wewe," alisema polepole. Akamgeukia mpwa wake. "Hukuniambia ni huyu."

"Ningekuambia ungekuja?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa chafya. Mkuu wetu wa hifadhi alikuwa mama mnene mchangamfu aliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika vumbi ambalo mwili wake haukulipenda hata siku moja. Tulimwita Mama Chafya, naye alijua.

"Nini tena hapa? Halionekani? Kwangu mimi?" Alijifuta pua kwa leso. "Neno hilo silipendi. Namba?"

"Mia moja kumi na saba, viwanja," fundi saa alijibu haraka.

"Nakwenda mwenyewe."

"Mama, nimeshatafuta..." nikaanza.

"Kaa."

Nilikaa. Sikuwa na wasiwasi. Angekuta pengo, angepiga chafya, angerudi. Shangazi alikalishwa kwenye meza ya kati. Fundi saa alibaki wima, ananitazama, na mimi nilipanga penseli ambazo zilikuwa zimepangwa.

Mama Chafya hakuchukua hata dakika tano. Alirudi ameshika kadi nyekundu, anaisoma akitembea.

Hii ndiyo kazi yetu ilivyo. Faili likitoka kwenye rafu, hata kwa saa moja, mahali pake husimama kadi ya badala, nyekundu ili ionekane kwa mbali: namba ya faili, nani kalitoa, tarehe, limekwenda wapi. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, na baada ya mwaka mmoja akili haihusiki tena, mkono unajaza wenyewe. Siku ile nilipokuwa nalizika faili la watu, mkono wangu ulikuwa umeliwekea alama ya kaburi.

"'Limetolewa na,'" alisoma Mama Chafya, "hapa kuna saini ninayoijua. 'Tarehe', Jumanne. 'Limekwenda': rafu ya arobaini, leseni za mbwa." Alinitazama kwa muda mrefu. "Hiki kiwanja kina mbwa?"

Refa alicheka peke yake dirishani, kisha akajificha nyuma ya gazeti.

"Nenda kalete," Mama Chafya alisema, kwa sauti ya chini niliyoiogopa kuliko kelele. "Na wakimaliza, uje ofisini. Ukilifanya tena hili, barua utakayoisoma siku hiyo itakuwa ya kukuachisha kazi. Na mimi nitaiweka kwenye faili. Unajua watu husoma mafaili ya namna hiyo wapi."

Nilijua. Sebuleni kwa watu.

Nilishuka, nikalitoa kati ya mbwa. Ngazi za kupanda ni kumi na nane, na katika kila ngazi aibu yangu iligeuka hasira upya. Sawa, nilijiambia. Ramani wataipata. Lakini ukurasa wa sita wataupata kwanza.

Nililiweka faili mbele ya shangazi. "Mafaili ya umri huu mgeni hayashiki," nikasema. "Nafungua mimi. Na kabla sijagonga muhuri kwenye nakala ya ramani, mwombaji anathibitisha uhusiano wake na mmiliki wa kwanza. Anasomewa ombi la kiwanja, anakubali."

"Mmiliki wa kwanza ni baba yangu," alisema. "Nakubali. Ruka."

"Hairukwi."

"Mpwa wangu anaweza kusoma kimya kimya."

"Anasoma mtumishi." Kanuni inasema asomewe. Haisemi kwa sauti gani. Nilisimama, kama alivyosimama yeye, nikaichukua sauti yangu nikaifikisha kwenye dawati la nyuma:

"'Kwa Bwana Mkubwa wa Mji. Mimi ni mzoa ndoo za choo.'"

Gazeti la Refa lilishuka. Fundi saa aligeuza kichwa. "Si alikuwa karani?" alinong'ona. Mkono wa shangazi ulikuwa umepapasa meza na kutua juu ya ukurasa, nami nikausogeza pembeni kwa ncha ya penseli, kama tunavyosogeza mikono ya wasomaji wote. Utamu wa ile dakika sitausahau, wala sitajisifu nao.

"'Nachukua ndoo namba kumi na tisa hadi arobaini, mitaa ya juu. Nimefanya kazi miaka kumi na moja na sijakosa hata mara moja. Naomba kiwanja. Sichagui. Naomba kiwe mbali na bohari la ndoo na karibu na bomba la maji, kwa sababu binti yangu anasoma. Kila asubuhi anaoga mara mbili, lakini wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Mimi harufu nimeizoea...'"

Hapo nikaacha kusoma. Sikuwa nimewahi kufika hapo. Niliona sasa kwamba mwandiko haukuwa wa karani. Ulikuwa mwandiko mkubwa, wa kukandamiza, herufi zote zimesimama sawasawa kama wanafunzi mstarini, na chini yake alama ya dole gumba, pana, iliyofifia.

"'Yeye asiizoee,'" alisema shangazi.

Hakuwa anaona ukurasa.

"Endelea," alisema. "Baada ya hapo nimeandika 'ahsante' mara mbili."

"Umeandika?"

"Nilikuwa darasa la nne. Yeye hakujua kusoma. Alikaa kitandani akasema, mimi nikaandika sakafuni, na kila neno aliniuliza kama ni neno zuri." Aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Kiwanja tulipata. Nikaomba kuhama shule. Shule mpya nikasema baba ni karani. Nimesema hivyo mpaka leo asubuhi."

Nilidhani nitasikia huruma, na ilikuja, lakini nyuma yake ilikuja hasira kubwa kuliko ya miaka mitatu yote.

"Basi ulijua," nikasema, na sikunong'ona. "Wengine wanaumiza watu kwa kutojua. Wewe ulijua inavyokuwa. Ukaja kwetu, ukasimama, ukamsomea baba yangu."

"Nilijua," alijibu. "Ndiyo maana nilijua pa kupiga."

Ndipo fundi saa, mtu ambaye hata akitengeneza saa ya ukutani huifunga kengele isisumbue, akasema kwa sauti kamili, katika chumba ambacho kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kusema kwa sauti kamili:

"Na mimi nilinyamaza."

Hakuna aliyemnyamazisha. Hata Refa.

"Ulinilea, shangazi. Nilikuwa na neno mdomoni siku ile, nikaogopa utaniona sina shukrani. Nikalimeza. Nimelala nalo miaka mitatu, halijashuka." Sasa alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza sikupata pa kuyaweka macho yangu. "Walisema baba yako amelala lindoni. Mlala lindo ni mimi. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda katika ile nyumba, nikalala macho wazi."

Nilitamani kusema jambo kali. Nilikuwa nalo. Lakini mkono ulikuwa umeshashika faili.

Nikafungua ukurasa wa tisa. Ramani ilikuwepo, mistari ya wino mweusi, mpaka ukipita kwenye mfereji, kama shangazi alivyosema tangu mwanzo. Vyumba vya mbele vilikuwa ndani. Nikapiga nakala, nikagonga muhuri wa hifadhi, nikaweka saini, nikamkabidhi.

"Chukueni. Muda mnao wa kutosha."

Shangazi alishika karatasi kwa mikono miwili. "Unanipa hivi hivi? Bila sharti?"

"Nyaraka hazina sharti. Sharti nililiweka Jumanne, na nusura linigharimu kazi." Nilirudi kwenye mashine, nikapiga nakala ya pili, ya ukurasa wa sita. Nikamwekea juu ya ile ya kwanza. "Hii pia ni yako. Sitaki pole yako, mama. Pole inasemwa mlangoni, mtu anaondoka. Nyumba yako umeipata. Baba yangu bado anakaa nyuma ya tangi. Wewe ndiye unayejua karatasi husomwa wapi."

Alizitia nakala zote mbili mkobani, akaondoka. Mlangoni mpwa wake alirudisha penseli, akachukua kalamu ya bluu, akataka kusema kitu. Mama Chafya alipiga chafya ofisini, mara tatu, nikajua naitwa.

*

Kesho yake Ijumaa nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Jozi mbili za viatu vya wageni zilikuwa mlangoni. Nilipita moja kwa moja hadi nyuma, maana huko ndiko ningemkuta baba, na huko ndiko nilikowakuta wote.

Shangazi alikuwa amesimama kando ya tangi. Mama alikuwa mlango wa jikoni, mikono kiunoni, hajaamua kama anakaribisha au anafukuza. Baba alikuwa kwenye kigoda. Fundi saa alikuwa ameshika karatasi mbele ya uso wa shangazi, ingawa hakukuwa na haja, na shangazi alikuwa anaisoma, kwa sauti ile ile ya dawati la nyuma, hivi kwamba jirani zetu wawili walikuwa wamesimama ukutani wakisikiliza. Hakuomba waondoke.

"'...Mimi harufu nimeizoea. Yeye asiizoee. Ahsante. Ahsante.'" Akashusha kichwa. "Huyo ndiye baba yangu. Siku ile nilisoma karatasi isiyokuwa yangu. Yangu ilikuwa hii."

Nilijua uso wa baba akiwa amekasirika na akiwa ameumia, lakini huu sikuujua. Alikuwa amekunja paji kama mtu anayetafuta jina.

"Mitaa ya juu," alisema. "Mimi nilizaliwa mitaa ya juu. Yule mzee si ndiye aliyekuwa anapiga mluzi?"

Shangazi aliinua uso.

"Alfajiri, kabla jua halijatoka," baba aliendelea. "Tulikuwa watoto. Mama alikuwa anasema, haya, Mzee wa Mluzi huyo, amkeni. Mluzi mtamu, unaanzia mbali, unakuja, unapita. Mimi nilikuwa nakaa dirishani kumsubiri."

"Alikuwa anapiga ili watu wafunge madirisha," alisema shangazi, na sauti ya dawati la nyuma ikawa imekwisha. "Wasisikie harufu."

"Sisi tulikuwa tunafungua," alisema baba.

Shangazi alifunika uso kwa ile karatasi. Alilia kama wanavyolia watu walioacha kulia zamani, kwa shida. Baba alimtazama, akatutazama sisi, akatazama majirani ukutani. Kisha akainuka, akaokota kigoda chake, akakiweka kwapani.

"Huku nyuma kuna mbu," alisema. "Twendeni ndani."

Alitangulia yeye. Nilimsikia kutoka nje akiketi, springi za kile kiti zikilia baada ya miaka mitatu, na mama akiuliza mto wa kijani uko wapi, nani ameuhamisha.

Tukabaki wawili kando ya tangi.

"Nimekuletea kitu," alisema fundi saa. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya hifadhi, lazima aliichukua Alhamisi. Ameijaza kwa penseli, kama kanuni inavyotaka. Jina la mwombaji. Kinachoombwa: *nafasi ya kusema yale niliyonyamaza.* Sababu ya ombi: *bado nakupenda.* Muda unaohitajika: *miaka yote.*

Niliisoma mara mbili. Ndani baba alikuwa anacheka kitu, cheko ambalo nilikuwa nimelisahau.

Nilikuwa bado na hasira. Sitaki kudanganya. Hasira ya miaka mitatu haihami kwa jioni moja, na kila nilipomtazama niliviona pia vile viatu. Lakini mkoba ulikuwa begani, na ndani yake, kwa sababu Mama Chafya alikuwa amenipa adhabu ya kusafisha mihuri yote kwa pamba wikendi nzima, nilikuwa nayo ile mitatu.

Niliiweka fomu juu ya mfuniko wa tangi. Alinitazama nikipapasa mkobani. Nikautoa wa kwanza niliougusa, nikausoma, nikaurudisha. Wa pili nikautazama kidogo, ukanishawishi. Nikaurudisha nao.

Nikagonga.

Aliinama kusoma, alama ya lenzi ikikunjana kuzunguka jicho lake. SUBIRI.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Wewe ndiye fundi saa," nikasema, nikatangulia kuingia ndani, na mlango sikuufunga.